Safu ya 214

Sheffield ilinoa visu kabla babu yangu hajazaliwa.
Bado wanauza makasi dirishani, karibu na kituo cha tramu;
nami hupita hapo saa kumi na moja alfajiri,
mfukoni kipande cha uzi na kishikizo cha koti.
Nafunga fundo kwa mkono mmoja, nalifungua, nafunga,
abiria wanadhani navuta tasbihi.

Mchana nakata.
Au tuseme kweli: mchana namshikia anayekata.
Navuta ndoano ya chuma hadi bega linalia.
"Vuta zaidi, Shangama."
Ile M ya mwanzo Profesa Hinchliffe aliiacha
siku tuliyojuana, nami sikumdai.
Nilihitaji saini yake.

Usiku nahesabu.
Mishono midogo au mikubwa, ipi hufunga tumbo vyema?
Swali la ukubwa wa punje ya mtama
limekula miaka yangu mitatu, likizo mbili,
na harusi ya dada yangu, niliyoitazama kwenye simu
huku nikila biskuti za wauguzi.
Mshika mawili, wanasema, moja humponyoka.
Hawakusema ni lipi.

Wagonjwa mia tatu na kumi na wawili, kila mmoja safu yake.
Wa 214 ni Bwana Staniforth,
mnoa visu mstaafu, kidole gumba kimepinda
kwa miaka arobaini ya kubana chuma kwenye jiwe linalozunguka.
Usiku ule kabla ya upasuaji aliniuliza:
"Wembe utakaotumia, wa hapa?"
Nikasema wa hapa.
"Basi sina neno."
Nilijibu bila kujua. Asubuhi nilikwenda kusoma pakiti.
Wa hapa.

Siku hiyo Hinchliffe alirudi nyuma hatua moja, akakunja mikono:
"Funga wewe."
Shibiri moja na vidole vinne vya jeraha.
Nilifunga kwa mishono midogo, kama bahati nasibu ilivyoamua,
na chumba kizima kilisubiri, hata mtu wa dawa za usingizi
aliyekuwa akisimulia habari za paka wake.
Sijawahi kuwa polepole namna ile.
Sijawahi kuwa na furaha namna ile.

Siku ya thelathini nikapiga simu, fomu mbele yangu:
maumivu? usaha? homa?
Akapokea mkewe.
"Jeraha lilipona, mpenzi. Moyo ndio uliokataa.
Jumanne ya juzi, akimwagilia nyanya."
Kisha, nilipokuwa natafuta la kusema:
"Utaandika kwamba ulimshona vizuri?"
Nikatazama jedwali toka kushoto hadi kulia.
Halina mahali pa hilo.
Nikasema nitaandika.

Jarida la kwanza lilikataa kwa siku mbili.
La pili kwa miezi saba.
La tatu likaleta wahakiki, mmoja mpole,
mwingine hakumeza neno:
*Walioingia 312, matokeo 311. Aliyebaki yuko wapi?*

Yuko Crookes, makaburini, kwenye mteremko wenye upepo.
Sikuandika hivyo.
Niliandika tanbihi: mmoja alifariki siku ya ishirini na sita
kwa sababu isiyohusiana na upasuaji;
jeraha lake lilikuwa limepona.

Rasimu ilirudi imejaa wino mwekundu.
Hinchliffe alifuta hitimisho langu lote,
akafuta "kwa kiasi kikubwa" mara nane,
akaandika pembeni: *nani kakwambia?*
Tanbihi hakuigusa.
Na juu, palipoandikwa majina,
nilipokuwa nimejiandika alivyozoea kuniita,
alipachika herufi moja, nyekundu, imeinama kidogo
kama mtu anayeingia mlango mfupi.

Hatukuzungumza juu yake.
Mwezi ujao nina usaili, nafasi moja, waombaji tisa,
wataniuliza nimechapisha mangapi.

Saa kumi usiku kidude kiunoni kikalia: kidole tumbo, mtoto wa miaka kumi na mmoja.
Nikashuka ngazi mbili mbili,
mkono mfukoni,
fundo la asubuhi likingali limekaza.